Louisville, mji uliohamishia baraza lake mtoni

Mwezi Juni jua la Louisville huzama saa tatu usiku. Kwa mtu aliyekulia Kigoma, ambako jua huzama karibu na saa moja kila siku ya mwaka, hilo ni kama kupewa nusu siku ya bure. Wenyeji wanajua pa kuipeleka. Wakishatoka kazini na kula chakula cha jioni, ambacho huku huliwa mapema sana, wanashuka mtoni.

Simama chini ya daraja la Big Four saa hizo, utaona mji wote unapita mbele yako. Wazee wenye raba nyeupe wanatembea wawiliwawili bila kusemezana. Vijana wa baiskeli wanapiga kengele. Binti aliyemaliza shule anapigwa picha akiwa na joho. Na siku za Jumamosi hawakosekani mama zetu wa Kongo, vitenge vimepigwa pasi, watoto wametangulia mbele, sauti zao zimefika kabla yao. Kiswahili chao ni cha Uvira na Fizi. Nilipomwamkia mmoja wao "shikamoo" kwa mara ya kwanza alicheka, akanijibu "Jambo, mwanangu," maana kwao shikamoo si desturi. Tangu siku hiyo tumekuwa majirani wa daraja. Kila nikimkuta ananiuliza habari za Kigoma kana kwamba nimefika jana, maana yeye mwenyewe alikaa kambini Nyarugusu, kule Kasulu, miaka mingi kabla ya kuletwa huku.

Nataka kuusifu mji huu, na nataka kuusifu kwa haki. Louisville uko katika jimbo la Kentucky, kwenye ukingo wa kusini wa Mto Ohio. Una wakazi zaidi ya 600,000. Jina ni la Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, ila mwenyeji hulitamka haraka, kwa ulimi mzito, likawa karibu na "Luavo". Wamarekani wengine wakiutaja hutaja farasi na pombe ya mahindi iitwayo bourbon. Sisi Waafrika tunamtaja Muhammad Ali. Lakini ukikaa hapa miaka kadhaa utagundua kwamba kinachoushika mji ni mto, na uzuri wa kuishi Louisville ni kwamba watu wake wameugeuza mto huo kuwa baraza.

Nasema baraza kwa maana yake ya nyumbani: pale mbele ya mlango, ambapo mpita njia anasalimiwa, mzee anacheza bao, na hakuna anayeulizwa amekuja kufanya nini. Miji mingi ya huku haina mahali pa namna hiyo. Ukitoka nje ya nyumba yako unaingia kwenye gari, ukitoka kwenye gari unaingia dukani, na dukani lazima ununue. Mtoni hununui chochote.

Haikuwa hivyo siku zote. Big Four lilikuwa daraja la treni, lilifunguliwa mwaka 1895, na wajenzi 37 walikufa kabla halijakamilika, wengine ndani ya misingi iliyofurika, wengine chuma kilipoanguka mtoni. Treni zilipoacha kupita, mwishoni mwa miaka ya 1960, njia za kupandia za pande zote mbili ziling'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Daraja likabaki likining'inia juu ya maji, halina mwanzo wala mwisho, na watu wakaliita daraja lisilokwenda popote. Zaidi ya miaka 40 lilikaa hivyo. Ukingo wa chini yake nao ulikuwa yadi za vyuma chakavu, mchanga na lami. Mji ulikuwa umeupa mto kisogo.

Bustani ya Waterfront Park ilifunguliwa mwaka 1999 palepale penye yadi hizo. Mwaka 2013 njia ya mzunguko, mfano wa ganda la konokono, ilipandisha watu hadi juu ya daraja, na mwaka uliofuata ng'ambo ya pili, Jeffersonville katika jimbo la Indiana, nayo ikajenga ya kwake. Sasa unavuka kutoka jimbo moja hadi jingine kwa miguu, bila tiketi. Ukishuka upande wa Indiana kuna Schimpff's, duka la peremende lililoanza mwaka 1891, ambalo peremende zake nyekundu za mdalasini huwasha ulimi kama pilipili manga. Mtoto akishazionja mara moja, kila Jumamosi atakukumbusha daraja.

Mji wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya kikwazo. Mto Ohio una urefu wa kilomita zipatazo 1,580, kutoka Pittsburgh hadi unapoingia Mississippi, na katika safari yote hiyo mahali pamoja tu palikuwa na maporomoko yaliyozuia mashua: hapa. Maji yalishuka karibu mita nane kwa kupita juu ya miamba. Kila aliyekuja na shehena alilazimika kushusha, kubeba kwa nchi kavu, kisha kupakia upya. Wapagazi wakapata kazi, wenye maghala wakapata kodi, na makazi yaliyoanzishwa na George Rogers Clark mwaka 1778 yakawa mji. Mfereji wa kuyakwepa maporomoko ulifunguliwa mwaka 1830. Hadi leo unaweza kusimama karibu na malango ya maji ya McAlpine ukatazama matishari 15 yaliyofungwa pamoja, matatu kwa upana na matano kwa urefu, yakisukumwa na meli moja ndogo, yakiingia taratibu kwenye chumba cha zege na kuteremshwa mita 11 kama mtu anayeteremshwa kwa lifti. Mimi hukaa pale hata saa nzima.

Msomaji wa Kongo ataitambua hadithi hiyo. Kinshasa nayo ilikua pale maporomoko yalipokatisha safari ya mtoni, na mizigo ikabidi ibebwe kichwani hadi Matadi mpaka reli ilipofika mwaka 1898. Miji miwili, mito miwili, sababu moja. Nikiwaza hivyo, huona haikuwa mbali sana kwa Ali, kijana wa Louisville, kwenda kupigania taji lake Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974.

Nyumba aliyokulia Ali ipo bado, katika mtaa wa Grand Avenue upande wa magharibi wa mji. Ni ndogo, ya mbao, rangi ya waridi. Mwaka 1954, akiwa na miaka 12 na akiitwa Cassius Clay, aliibiwa baiskeli yake nyekundu kwenye maonyesho katikati ya mji. Akashuka analia hadi chumba cha chini cha jengo hilohilo alikoambiwa kuna polisi, akaapa kumpiga mwizi. Polisi huyo, Joe Martin, alikuwa akifundisha vijana ndondi humo, akamshauri ajifunze kwanza kupigana. Yaliyofuata dunia inayajua. Sisi Watanzania tuna ukurasa wetu pia: mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Ali Afrika kuomba nchi zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, na alipofika Dar es Salaam Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari walimbana kwa maswali kuhusu msimamo wa Marekani juu ya Afrika Kusini, naye akakiri hadharani kwamba mengine hakuyajua. Mimi kukiri kule nakuheshimu kama ninavyoheshimu ushindi wa Kinshasa.

Alipofariki Juni 2016 maelfu waliswali sala ya jeneza hapa Louisville, na kesho yake mwili wake ukazungushwa mjini, ukapita mbele ya ile nyumba ya rangi ya waridi, watu wakitupia gari maua, hadi makaburi ya Cave Hill. Kituo cha kumbukumbu chake kiko hatua chache kutoka mtoni. Tangu mwaka 2019 uwanja wa ndege nao una jina lake, kwa hiyo mkimbizi anayeshuka kutoka Afrika, hajui Kiingereza hata neno, anapokewa na jina analolijua.

Lakini mto huu ulikuwa mpaka kabla ya kuwa baraza. Kentucky lilikuwa jimbo la utumwa. Ng'ambo, Indiana, utumwa haukuruhusiwa. Ukiwa katikati ya Big Four unaweza kuwaza maana ya maji hayo kwa mtu aliyeyatazama kutoka upande huu akijua uhuru uko umbali wa kupiga makasia robo saa, na kwamba hata akivuka wawindaji wa watumwa watamfuata. Thornton na Lucie Blackburn walivuka Julai 1831 mchana kweupe. Walichukua kivuko hadi Jeffersonville, wakapanda meli iliyokuwa ikipita wakiwa na hati za kughushi na nguo nadhifu, na hatimaye wakafika Kanada. Huko Toronto waliendesha teksi ya kwanza ya mji, ya kukokotwa na farasi. Kuna waliopelekwa upande mwingine, kwa minyororo, kushuka mto hadi masoko ya kusini.

Juu ya ukingo, katikati ya mji, imesimama sanamu ya York. Alikuwa mtumwa wa William Clark, akasafiri naye na Meriwether Lewis hadi Bahari ya Pasifiki, safari iliyoondoka karibu na maporomoko haya Oktoba 1803. Aliwinda, alibeba, alivuka milima kama wenzake wote. Waliporudi wenzake walilipwa fedha na ardhi. York hakupata chochote, na alipoomba aishi karibu na mkewe hapa Louisville bwana wake alikasirika. Kila nikipita na mgeni humpeleka kwanza kwa York, kabla ya kwa Ali.

Kisha kuna maji yenyewe. Januari 1937 mvua zilinyesha juu ya ardhi iliyokwisha kulowa, mto ukapanda hadi kipimo kikasoma futi 57. Zaidi ya nusu ya mji ikazama, watu wapatao 175,000 wakahama nyumba zao, umeme ukakatika. Wakajenga daraja la kuelea kwa mapipa matupu ya whisky ili watu watembee juu yake kuelekea sehemu za mwinuko. Mpiga picha Margaret Bourke-White alipiga hapa picha ambayo pengine umewahi kuiona bila kujua ni ya wapi: foleni ya watu weusi wenye ndoo na vikapu wakisubiri msaada, na nyuma yao bango kubwa la familia ya wazungu ndani ya gari, likijisifu kuwa hali ya maisha Marekani iko juu kuliko popote duniani.

Baada ya gharika hiyo walijenga ukuta na tuta la kuzuia mafuriko. Hata hivyo bustani iko upande wa mto wa ukuta, na hilo lilikuwa uamuzi mzuri. Imepandwa ili izame. Maji yalipopanda Februari 2018, na tena Aprili 2025, malango ya ukuta yalifungwa, viti na taa za bustani zikasimama ndani ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, magogo yakaelea palipokuwa na nyasi. Maji yakishuka, wafanyakazi huja na mabomba kuosha tope na kuzoa magogo, na wiki chache baadaye watoto wanacheza palepale. Watu wa Rufiji watanielewa nikisema kuishi na mto ni kuujua mwezi wake.

Mwezi wake mwingine ni Agosti na Septemba. Maji yakipungua, nenda ng'ambo, Clarksville, kwenye hifadhi ya Falls of the Ohio. Miamba iliyoyafanya maporomoko inajitokeza, nawe unatembea juu yake. Inama uitazame. Utaona maua ya mawe, masega ya nyuki ya mawe, mashina yenye pingili. Ni matumbawe, yenye umri wa miaka milioni 390 hivi, ya bahari iliyokuwa hapa wakati ardhi hii ilikuwa kusini mwa Ikweta. Mara ya kwanza niliweka kiganja juu ya jiwe moja nikakumbuka kuta za Mji Mkongwe, Zanzibar, pale chokaa ilipobanduka na tumbawe likachungulia. Kuokota ni marufuku, hata kipande. Gusa, piga picha, uache.

Furaha nyingine za hapa nitazipitia haraka. Derby ya farasi hukimbiwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, kilomita mbili kwa dakika mbili, na kofia za wanawake siku hiyo ni maonyesho kamili. Wachache wanaokwenda huambiwa kwamba mwaka 1875, Derby ya kwanza, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi, akiwemo mshindi, Oliver Lewis, na kwamba tangu Jimmy Winkfield aliposhinda mwaka 1902 hakuna mweusi mwingine aliyeshinda, kwa kuwa walisukumwa nje ya mchezo. Chakula cha kujivunia ni Hot Brown, mkate wenye bata mzinga na mchuzi mzito wa jibini, kilichobuniwa katika Hoteli ya Brown mwaka 1926. Kinashibisha. Wengine wetu huishia nusu sahani.

Furaha ninayoitetea kuliko zote ni Belle of Louisville. Ni meli ya mvuke yenye gurudumu kubwa jekundu nyuma, iliyojengwa mwaka 1914, na katika meli za aina yake hakuna kongwe zaidi inayofanya kazi duniani. Mwaka 1962 ilikuwa karibu kuwa chuma chakavu, serikali ya hapa ikainunua kwenye mnada kwa dola 34,000, na wako waliolalamika kuwa fedha zimetupwa. Kabla haijang'oa nanga hupigwa kinanda cha mvuke kilicho juu ya sitaha, sauti kali inayofika mitaa ya mbali, na kila noti inapotoka wingu dogo jeupe linapanda. Ukishuka kwenye chumba cha mashine unaona mikono ya chuma iking'aa mafuta, ikienda na kurudi polepole, na sakafu inapumua chini ya miguu yako.

Pale ndipo huikumbuka Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Wamelingana umri hawa: Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikashushwa ziwani Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa vitani, ikaopolewa, ikarudi kazini mwaka 1927. Babu zetu waliisafiria na magunia ya dagaa. Ninapowaona watu wa Louisville wakilipia matengenezo ya meli yao mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi, naomba moyo huohuo uendelee kuwepo kwetu.

Yule mama yangu wa darajani, wa Uvira, si mtu wa meli. Yeye furaha yake ni bustani. Shirika la Catholic Charities la hapa lina mradi uitwao Common Earth Gardens unaowapatia wakimbizi vipande vya ardhi ya kulima mjini, na majira ya joto ukipita kwenye bustani za namna hiyo utafikiri uko Kasulu. Lengalenga imesimama kiunoni, maharage yamepanda miti, maboga yanatambaa hadi kwenye kipande cha jirani, na jirani ni Mnepali anayelima pilipili. Wengi wanaolima hapo usiku hufanya kazi kwenye maghala ya kupanga mizigo, wanalala asubuhi, jioni wanapalilia. Watoto wao wamejaa shuleni kiasi kwamba mamlaka ya shule za umma hutoa taarifa za wazazi kwa Kiswahili pia. Mwezi Septemba mama huniletea mfuko wa maboga na majani, hataki kusikia habari ya pesa.

Sitasema baraza hili ni la wote kwa kiwango kilekile. Barabara ya Ninth Street imeukata mji kama kisu. Magharibi yake wanaishi weusi wengi zaidi, na huko umaskini ni mzito zaidi. Frederick Law Olmsted, yule aliyebuni Central Park ya New York, aliichorea Louisville bustani kubwa kuanzia mwaka 1891, mojawapo Shawnee, palepale mtoni upande wa magharibi. Lakini kuanzia mwaka 1924 hadi 1955 mtu mweusi hakuruhusiwa kukanyaga Shawnee. Aliambiwa aende Chickasaw, ndogo zaidi, kusini kidogo ya hapo. Mwaka 2020, Breonna Taylor alipouawa na polisi ndani ya nyumba yake, watu walikaa miezi kwenye uwanja ulio mbele ya majengo ya serikali wakilia na kudai haki. Kazi ya kupanua Waterfront Park kuelekea magharibi imekwisha kuanza, na nitaipima kwa jambo moja: kama kijana wa Grand Avenue ataweza kutembea hadi mtoni bila kujihisi mgeni.

Chickasaw huenda Jumapili asubuhi. Kuna miti mikubwa, vijana wanacheza tenisi, na wavuvi wa kambare wamekalia ndoo zao zilizopinduliwa. Mamlaka za afya hushauri samaki wa mto huu waliwe kwa kiasi, na leseni ni lazima, lakini wengi huwarudisha majini baada ya kuwapima kwa macho. Hawavui kwa njaa. Wanakaa barazani.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mama amesimama katikati ya Big Four, mikono juu ya chuma, mjukuu wake kando. Aliniuliza bila salamu: "Hii mayi inaenda wapi, mwanangu?" Nikamwambia inakwenda Evansville, Paducah, hadi Cairo ambako inaingia Mississippi, halafu Memphis, New Orleans, na Ghuba ya Mexico, ambayo ni sehemu ya Atlantiki. Akanyamaza. "Na ya kwetu?"

Ya kwetu tulihesabu pamoja. Ziwa Tanganyika hutokea Kalemie kwa Mto Lukuga, Lukuga huingia Lualaba. Hapo yeye akanipokonya, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, Kongolo, Kindu, Kisangani, Mbandaka, Kinshasa, Matadi. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaongeza cha mkono wa pili. "Kisha bahari," akasema. "Bahari gani?" Nikamjibu ni Atlantiki, ileile.

Alimgeukia mjukuu, akamwonyesha chini. Matishari yalikuwa yanapita, yamejaa makaa ya mawe, na meli inayoyasukuma ilikuwa bado haijatokea upande wetu wa daraja. Mtoto alitaka kukimbilia peremende ng'ambo. Bibi yake akamshika ukosi. "Ngojea," akamwambia, "tuone ile inayosukuma."